Pampu ya mafuta ilikataa kadi Alsace: jinsi nilivyotatua

Kwa anayezunguka Alsace, Ufaransa, na gari la kukodi wikendi. Tulitoka Strasbourg bila mpango, tukaifuata Njia ya Mvinyo, barabara ya kitalii inayopita mashamba ya mizabibu, ya kilomita 170 hivi kati ya Marlenheim na Thann, iliyozinduliwa 1953. Ni nzuri mno! Jumapili jioni, tumeshapita Ribeauvillé, taa ya mafuta ikawaka. Kituo hakikuwa na mhudumu, ni pampu za kujihudumia tu, na kila nikiingiza kadi inakataliwa. Nikaifuta chipu, nikahamia pampu nyingine, nikajaribu kadi ya mwenzangu. Wapi.

Kilichotuokoa ni maandishi madogo chini ya skrini: kabla ya kutoa mafuta, mashine ile huzuia kwanza euro 150 kwenye akaunti, hata ukitaka ya 30 tu. Salio letu sote halikufika hapo. Nikahamisha pesa kwa simu kutoka akaunti ya akiba, nikasubiri hadi salio jipya lionekane, ndipo nikaingiza kadi upya, namba ya siri, kisha nikachagua «gazole», yaani dizeli. Ikakubali papo hapo. Tulikatwa thamani ya mafuta tuliyojaza tu. Kilichozidi kiliachiwa baadaye.