Mhesi Tulioangusha Amani

Mwaka 2008 nilikuwa kibarua katika kikundi cha watu sita tuliopewa kazi ya kupunguza miti ya mhesi katika kona moja ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, na asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyoangusha mhesi mmoja mkubwa kando ya kijito kinachoingia Mto Zigi, ambao maji yake hunywewa na watu wa mji wa Tanga.

Mhesi si mti wa milima ile. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya Wajerumani, ukapandwa tena baadaye mahali palipokatwa mbao, nao ukaenea wenyewe: hukua haraka penye jua, huzaa sana, na ndege aina ya hondohondo humeza matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali. Kwa hiyo niliposhika shoka niliamini kwa moyo wote kwamba ninautendea msitu wema.

Mzee wa Kisambaa aliyetuongoza, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametangulia kukagua mpaka, aliporudi hakufurahi. Alitazama juu, mahali ambapo jua lilikuwa likimiminika hadi ardhini, kisha akaniambia, “Mwanangu, mmeufungulia mlango.”

Sikumwelewa. Tuliporudi baada ya masika, uwazi ule ulikuwa umejaa miche ya mhesi, mingi kiasi kwamba nilikosa pa kukanyaga, na katikati yake ilikuwa imesongwa miche miwili ya mtambara, mti wa asili wa milima yetu, mmoja tayari umekauka. Nilisikitika sana. Siku nne tulipiga magoti tukiing’oa mihesi ile kwa mikono, mmoja mmoja pamoja na mzizi wake.

Tangu hapo mzee alitufundisha kuvua gome la mhesi mkubwa kwa duara pana kulizunguka shina, ili mti ufe ukiwa umesimama, mwanga uingie kidogo kidogo, na miche ya asili iliyozoea kivuli iwahi kuinuka. Ni kazi ya polepole mno kwa hifadhi ya hekta 8,380, lakini sijaona njia nyingine ninayoweza kuitetea.

Siku ya mwisho ya kibarua chetu nilichomeka vijiti kuuzunguka mtambara uliosalia, ambao urefu wake haukufika gotini, na mzee akapita nyuma yangu akang’oa mche wa mhesi ambao sikuwa nimeuona.