Siku moja maishani mwangu: naongoza wageni mapango ya Amboni

Saa 11 alfajiri nishaamka, nabandika maji ya chai. Sufuria letu lina ukoko mweupe ndani mgumu kama sementi, mama watoto anausugua weee hautoki, maji ya kisima chetu hapa Makorora, Tanga, yana chokaa sana. Mi ule ukoko naupenda kwa kweli, kazi yangu yote iko mle.

Saa 1 na nusu niko kwenye daladala, nashuka Kiomoni namalizia na boda. Toka mjini ni kama kilomita 8 tu.

Saa 2 naingia pangoni peke yangu na tochi kabla wageni hawajaja. Hii ndo saa yangu. Kuna kona dari limeota vimrija vyembamba kama mirija ya soda, vina uwazi ndani, kila kimoja kimeshika tone lake nchani. Nasimama nangoja lidondoke, leo moja limekaa karibu dakika mbili, masika huwa yanadondoka chapchap.

Saa 4 basi la wanafunzi limefika, wamejaa, kelele mpaka popo wanahama upande. Wengi wanatafuta maumbo, mamba yuko wapi, meli iko wapi, nawaonesha lakini sikubali waondoke na hilo tu. Binti mmoja akauliza, "Anko, jiwe linaotaje wakati halina uhai?" Nikafurahi! Nikamwambia mwanangu, mvua ikinyesha inabeba hewa ya kaboni, udongo ndo unaiongezea zaidi, maji yanakuwa na ukali kidogo, yakipita kwenye nyufa za jiwe la chokaa yanaliyeyusha na kushuka nalo, yakifika hapa darini ile hewa inatoka, chokaa haina pa kukaa tena kwenye maji inabaki juu ya jiwe, utando mwembamba hata huuoni. Ya juu stalaktiti, ya chini palipodondokea stalagmiti, zikikutana ni nguzo. Ule wekundu ni chuma cha kwenye udongo. Nikawauliza nani kwao sufuria lina ukoko, mikono ikapanda karibu yote, nikawaambia basi ndo chokaa hiyohiyo.

Saa 6 kasoro nikasikia kaa! Kijana alikuwa anajipiga picha kashikilia stalaktiti, ncha imebaki mkononi, kama sentimita 5. Nilinyamaza kwanza maana nilikuwa na hasira. Halafu nikakichukua kile kipande nikamulika pale palipovunjika, katikati kitundu, kuzunguka duara juu ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Nikamwambia stalaktiti nyingi zinaota kama milimita 0.1 kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe. Akasema miaka 500, sauti ikaishia kooni, "Samahani anko." Hata kugusa tu ni shida jamani, mafuta ya mkono yakibaki pale chokaa haishiki vizuri na jiwe linageuka jeusi, nendeni mkaangalie zile za njiani zinazofikiwa na mikono zilivyo.

Mchana wali na samaki, haraka haraka.

Saa 8 kaja mzee mmoja kwa ajili ya mzimu, ana marashi na ubani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikamwomba chetezo akiweke mbali kidogo na ule ukuta mweupe maana moshi unatia masizi, akakisogeza bila neno, akavua viatu. Nikakaa pembeni mpaka amalize dua.

Jioni wageni wawili wa kutoka Arusha, nikawapitisha taratibu, hawakugusa kitu.

Saa 12 nafunga, ila nikarudi kwanza pale palipovunjika. Nikamulika. Tone lilikuwa limeshakaa kwenye kile kidonda, limejaa, linatetemeka kidogo, nikalingoja mpaka likaanguka nikasikia ti! chini. Popo walikuwa washaanza kutoka mlangoni kwa makundi, nikazima tochi nikawapisha.