Siku Moja Maishani Mwangu: Sikio Moja Kitabuni, Jingine Cherehanini

Saa 12 asubuhi. Baridi ya mwezi wa 6 hapa Lubumbashi hufanya vidole kuwa vizito, kwa hiyo kabla ya kugusa sindano natazama kwanza kisanduku cha vipokea sauti vyangu vya masikioni. Jana jioni umeme ulikatwa, ukarudi saa 8 za usiku. Niliamka, nikachomeka simu pamoja na kisanduku, nikalala tena. Taa yake ni ya kijani. Siku itakuwa na maneno.

Saa 1 natembea kutoka Katuba hadi karakana yetu katika Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, masikio yakiwa wazi, kwa sababu njiani pikipiki hutokea nyuma ya mtu bila kuomba ruhusa.

Saa 2 nakaa kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Zamani nilitumia vipokea sauti vyenye waya, mpaka siku ambayo waya ulinaswa na gurudumu, ukavuta kitambaa chote kwa nguvu, sindano ikavunjika na kutoboa kikwembe cha mteja mahali pa kifua, pasipofichika. Nilimnunulia kingine. Tangu siku hiyo sijakubali waya kupita karibu na mikono yangu, na navaa kipokea sauti kimoja tu, cha kushoto. Sikio la kulia ni la kazi: sindano inapoanza kuwa butu, mlio wake hubadilika na kuwa mzito kabla jicho halijaona mshono ulioruka.

Kuanzia hapo mpaka adhuhuri nasoma, na nasema nasoma kwa kuwa sijui neno jingine. Nilipomaliza shule nilidhani vitabu vimeniaga, maana anayeshona mchana kutwa hufika nyumbani na macho yaliyochoka. Sasa nasikiliza riwaya ya Kifaransa ya karne ya 19, niliyoipata bure kwenye LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005, ambamo watu wanaojitolea husoma kwa sauti vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki. Vya Kiswahili nilivyowahi kupata ni vichache mno, jambo linaloniuma, kwani lugha yetu ilizoea kusimuliwa kabla ya kuandikwa. Kukunja pindo na kushikiza vifungo huenda vizuri na riwaya. Kupima na kukata hakuendi nayo hata kidogo. Ninaposhika mkasi nasimamisha msomaji, kwa sababu sentimita 2 zilizopotea hazirudi.

Saa 5 sauti ikaanza kukatika. Nilikuwa nimeweka simu katika mfuko wa nyuma upande wa kulia, na mwili wangu ukasimama kati yake na sikio la kushoto. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahetsi 2.4, ambayo maji yaliyomo mwilini huyanyonya kwa urahisi. Ijapokuwa mawasiliano hayo hurukaruka kati ya mikondo 79 ya mawimbi, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa vurugu za mitambo mingine, mwili wa mtu unabaki kizuizi. Nikaihamishia simu kwenye mfuko wa mbele wa aproni, na msomaji akaendelea kama ambaye hakukatizwa.

Saa 7 tunakula bukari na sombe, na bafle ndogo, yaani spika, inachukua nafasi ya kitabu ili sote tufaidi. Msichana ninayemfundisha kazi aliniuliza, "Mama, hii Bluetooth haimalizi mega zetu?" Nilimjibu kwamba kati ya simu na bafle hakuna intaneti inayotumika, mega huliwa siku ya kupakua tu. Saa moja ya kitabu kilichobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 29 hivi, basi kitabu cha saa 10 hakifiki megabaiti 300, nami nitakaa nacho wiki nzima. Kisha nikamwekea gitaa la Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Nikampa kipokea sauti kimoja asikie kwa karibu jinsi kidole gumba kinavyoshikilia nyuzi nzito huku cha shahada kikiimba juu yake. Rekodi za wakati ule zilikuwa za mkondo mmoja, sauti ileile kwa masikio yote mawili, kwa hiyo sikio moja halipotezi chochote. Alisahau chakula chake mpaka sombe ikapoa.

Mchana ulikuwa wa wateja, na mteja anastahili masikio yote mawili.

Saa 11 napumzisha sikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na anayesikiliza kazini siku 6 hufika huko haraka akipandisha sauti. Mimi naiacha chini, kiasi cha kumsikia jirani akiniita.

Saa 2 usiku nakaa na mama yangu, ambaye macho yake yamefifia na Kifaransa hakijui. Nacheza sura moja kwenye bafle, nasimamisha kila baada ya dakika chache, namsimulia kwa Kiswahili chetu. Umeme ulikatika katikati. Bafle ikaendelea kwa betri yake, na hakuna aliyeinuka kutafuta mshumaa.

"Yule mjane, duka lake watamnyang'anya?" aliuliza gizani.

"Bado sijafika huko, mama."

"Basi endelea."