Mwaka tulioanza kula mbaazi tulizokuwa tukiuza

Nimeolewa Babati, lakini kwetu ni Tanga. Huku mbaazi hupandwa katikati ya mahindi: mahindi ni ya kula, mbaazi ni za lori. Nyingi zilikuwa zikiishia India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, bei ikaporomoka, na magunia yetu yakadoda stoo. Mama mkwe akauliza, "Sasa hizi tutazifanyaje?" Nikamjibu, "Mama, kwetu hizi ndizo staftahi."

Ladha haikutusumbua, kilichotusumbua ni kuni. Mbaazi kavu zinachelewa kuiva. Nikawa naziloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale (tumbo nalo hushukuru), naweka mengine na kuzichemsha zenyewe mpaka zilainike. Nyanya na limau baadaye kabisa, maana uchachu huzifanya zizidi kukaidi. Nachemsha sufuria kubwa mara moja, za leo na za kesho. Nazi huku ni ghali, kwa hiyo mbaazi za nazi zikabaki za sikukuu. Siku nyingine naunga kwa vitunguu na mafuta ya alizeti.

Wakati huo nilikuwa mjamzito, na hapo ndipo nilipoanza kuzipigia hesabu. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kama gramu 22. Inapendeza kusikia, ila hakuna anayetafuna kavu: zikishaiva na kunywa maji, gramu 100 zinabaki na protini kama 7. Kwa hiyo kijiko kimoja pembeni ya mlima wa ugali ni mapambo tu. Nilikuwa najaza bakuli. Kikombe kimoja cha zilizoiva kina pia foleti (vitamini ya kundi B) inayokaribia theluthi ya mahitaji ya mjamzito kwa siku. Vidonge vya kliniki sikuviacha hata hivyo.

Ugali wenyewe sikuupunguza sana. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na mbaazi zinayo tele. Mbaazi zina uhaba wa methionini, kijenzi kingine cha aina hiyo, na mahindi yanaichangia. Makande ya mbaazi, basi, yanalisha kuliko watu wanavyoyadharau.

Kazi ilikuwa kwenye chai. Madini ya chuma ya mbaazi mwili huyachukua kwa shida, na chai huzidi kuyazuia, wakati tunda lenye vitamini C husaidia. Nikahamishia chai saa ya baadaye, mezani nikaweka chungwa au limau la kukamulia. Mama mkwe alikula mbaazi, akala na chungwa, na kikombe chake cha chai hakukiacha. Sikubishana naye.

Siku hizi bei ikipanda tunauza, ila gunia la nyumbani haliguswi. Tunalihifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa sababu fukusi nao wanazipenda.