Dawati la bei za benki huangalia nini kwanza

Wengi hudhani kazi ya dawati hili, linalowapa wateja bei za kununua na kuuza, ni kubashiri soko linaelekea wapi. Sivyo. Swali la kwanza ni: tumeshika mzigo (tulivyonunua na bado hatujaviuza) kiasi gani, na kuupunguza kutagharimu nini?

Chukua hati fungani inayonunuliwa na dawati kwa 99.98 na kuuzwa 100.02, kwa kila 100 ya thamani yake. Ukinunua za milioni 10 na kuziuza zote kwa bei yako, unapata 4,000. Bei zako zikishuka kwa 0.10 kabla hujauza, faida hiyo inageuka hasara ya 6,000. Ndiyo maana mzigo ukijaa, bei zote mbili husogezwa chini, tuseme 99.96 na 100.00, ili wanaouza wapungue na wanunuzi wavutike.

Wakati huohuo dawati hujikinga kwa kuuza mikataba ya baadaye, yaani ahadi za kuuza siku zijazo kwa bei inayopangwa leo. Hapa ndipo wageni wa kazi hukosea: hulinganisha thamani ya fedha badala ya unyeti wa bei kwa riba. Riba ikipanda kwa kiasi kilekile, hati ya miaka 10 huporomoka zaidi ya ile ya miaka 2, na kinga inabaki na tundu.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mteja anayejua zaidi yako. Dawati makini hupima bei ilikuwa wapi dakika 1 na dakika 5 baada ya kila muamala, mteja kwa mteja. Ambaye kila akinunua bei hupanda, hupewa pengo pana zaidi kati ya bei ya kununua na ya kuuza, au kiasi kidogo.