Kupooza kwangu kulianzia kwenye tezi ya shingo

Mimi ni mpakiaji wa viazi hapa Nakuru. Kwa miezi kadhaa nilikonda ilhali nakula kuliko wenzangu wote. Mikono ilitetemeka, moyo ulidunda hata nikiwa nimekaa, na jasho halikukauka hata kwenye baridi ya Julai. Watu walisema ni kazi nyingi.

Jioni moja, baada ya kupakia lori, nilikula ugali mkubwa kwa soda nikalala. Alfajiri nikataka kwenda chooni, mapaja yakakataa. Vidole vya miguu vilicheza, lakini goti halikuinuka. Nilikuwa naongea sawa, napumua sawa, uso haujapinda. Mke wangu alidhani ni mzaha: "Baba Kevo, amka bwana!" Jirani mmoja akasema nimerogwa, mwingine akasema ni stroki.

Hospitalini walipima damu. Potasiamu, madini yanayowezesha misuli na moyo kufanya kazi, ilikuwa 2.1, na inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5. Wakanipima moyo kwa mashine papo hapo, maana potasiamu ikishuka hivyo mapigo huweza kuvurugika. Nilimsikia daktari akimkataza nesi kutumia dripu ya glukosi: sukari huamsha insulini, nayo insulini huzidi kuisukuma potasiamu ndani ya misuli. Tena akasema niongezewe polepole, kwa kuwa potasiamu haikuwa imetoka mwilini. Ilikuwa imeingia kwenye misuli, na ikirudi yote kwenye damu kwa mpigo, moyo uko hatarini tena. Kufikia mchana nilisimama nimeshikilia kitanda.

Ninayemshukuru zaidi ni daktari aliyenishika shingo na kuuliza habari za kukonda. Kipimo cha thairoidi, yaani ile tezi ya shingo, kilionyesha homoni zake ziko juu mno. Hizo ndizo zilizokuwa zikichochea misuli kuvuta potasiamu, na chakula kingi cha wanga pamoja na kupumzika baada ya kazi ngumu vikamalizia.

Nikaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kushusha homoni hizo, na propranololi ya kutuliza moyo na kuzuia shambulio lingine mpaka homoni zishuke. Usiku ugali ukawa kidogo, soda hakuna. Kazini bosi alikubali nihesabu magunia badala ya kubeba. Vidonge vya potasiamu sikujinunulia dukani. Nilionywa pia kwamba koo likiuma na homa ikipanda nisimeze kabimazoli, niende nikapimwe damu siku hiyohiyo.

Ukiwa na kijana aliyekonda na ameamka miguu haina nguvu, mkimbize hospitali, na mwombe daktari apime potasiamu na thairoidi. Mimi homoni zilipokaa sawa nilirudi kubeba, na kliniki bado nahudhuria.