Kisanduku Kisichotiwa Tiki

Mama yule hakunisalimu. Alisimama mlangoni, buibui lake limelowa mvua ya masika, akaninyooshea karatasi niliyoichapa mimi mwenyewe, kidole juu ya jina la mwanawe.

"Mwanangu, nani amekwambia mume wangu amekufa? Jana jirani ameniuliza eda nimeanza lini."

Ilikuwa 2015, Langoni, mjini Lamu. Kikundi kimoja cha kusaidia wanafunzi kiliniomba niwatengenezee fomu ya basari ya mtandaoni. Nikaweka kisanduku kimoja: "Baba yu hai". Chenye tiki, yu hai. Kisicho na tiki, ni marehemu. Yatima walitangulizwa, na orodha yao tuliibandika ukutani, watu waisome.

Mumewe alikuwa Kizingitini, amekwenda kuvua. Alimpigia palepale, akaweka spika, na sauti ya mtu mzima mwenye afya zake ikajaa chumbani. Niliwaomba radhi wote wawili, kisha nikatoka mvuani nikaibandua ile karatasi.

Usiku nilikaa na laptopu nikifuata data ilikopita. Kumbe kisanduku kisichotiwa tiki hakipeleki "hapana". Hakipeleki kitu. Kivinjari hukiacha nje, jina na thamani yake pamoja, kana kwamba swali halikuulizwa. Kikitiwa tiki, kama hukukiandikia thamani, hupeleka neno "on". Msimbo wangu, niliouandika kwa PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva, ulipolikosa jina hilo ulijiandikia 0. Kwa hiyo aliyefiwa, aliyesahau, na aliyejaziwa fomu na kijana mwenye haraka kwenye simu yenye kioo kidogo, wote niliwapa 0 ile ile. Wengi hutanguliza uga uliofichwa, yaani sehemu ya fomu isiyoonekana, wenye jina lile lile na thamani 0, ili jibu lifike kila mara. Kwa mambo mengi inatosha. Kwa mama yule isingefaa kitu, maana kunyamaza kungeendelea kusomwa kuwa ni kifo.

Nikakiondoa kisanduku, nikaweka orodha ya kuchagua yenye thamani mbili, "true" na "false". Alfajiri nikaijaribu kwa majina matano ya kubuni, na sasa kila baba alikuwa hai. Fomu haipeleki kweli wala uongo, inapeleka maandishi. Na kwa PHP maandishi yoyote huhesabiwa kweli, isipokuwa yaliyo matupu na "0". Neno "false" lina herufi tano, basi ni kweli. Alhamdulillahi hiyo haikufika ukutani. Yatima wote wangeachwa nyuma, na yatima hana mtu wa kuja mlangoni kugomba.

Nilimalizia kwa vitufe viwili vya duara, Ndiyo na Hapana, hakuna kilichochaguliwa mapema, na seva ikikataa fomu isiyojibiwa. Zile 0 za zamani nikazigeuza zote kuwa NULL, yaani hakuna jibu bado, kwa kuwa hakuna hata moja niliyoweza kuiamini. Kisha nikachukua majina ya waliokuwa na 0 hizo nikaenda kubisha hodi, nyumba moja baada ya nyingine.

Nyumba ya mwisho nilimkuta bibi amekaa ukumbini anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza kama baba yake mjukuu wake yu hai. Hakunijibu upesi. Vidole vyake vilipitisha miyaa miwili, mitatu, akaivuta ikakaza.

"Chombo hakijarudi. Mwaka wa pili huu. Mkewe hajakaa eda, na mimi sijamsomea hitima. Andika unavyoona."

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuona pa kuandika. Ndiyo ingekuwa uongo. Hapana ingekuwa uongo mkubwa zaidi, tena mbele yake. Hata NULL haikumstahili: hiyo ni ya ambaye hakuulizwa, na yeye aliulizwa akajibu.

Nikafungua laptopu palepale ukumbini, nikaibadilisha ile safu ya hifadhidata inayotunza jibu hilo ikubali maneno, nikaongeza kitufe cha tatu: "Haijulikani". Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nilirudie jina la mwanawe kama nilivyoliandika.

Jioni, kikaoni, nilisimama kumtetea mtoto yule awekwe pamoja na yatima. Walikubali.